Dola Moja ya Karolina

Shemeji yangu Matija Zalokar alikuwa mtu wa maneno machache na suruali nzito. Suruali ilikuwa nzito kwa sababu miaka ile hapa Butte, mji wetu wa migodi ya shaba, noti hatukuzipenda. Ukimpa muuza nyama noti, aliigeuza huku na huku kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi. Pesa kwetu ilikuwa dola ya fedha, sarafu pana yenye uzito, ukiitua mezani kila mtu chumbani anajua umelipa. Kwa hiyo wanaume wa mtaa wetu wa McQueen walitembea wameinama upande mmoja, na sisi wanawake tulikuwa na kazi ya kushona mifuko iliyotoboka. Ya Matija niliishona mimi, miaka tisa, tangu mdogo wangu Neza alipofariki akamwachia nyumba ya vyumba vitatu na paka asiyempenda.

Alikuja nchi hii ana miaka kumi na saba, kutoka milima ileile ya Slovenia niliyotoka mimi, na wiki hiyohiyo akaingia mgodini. Miaka thelathini na sita kazi yake ilikuwa kusimamisha magogo ya kushikilia paa la mwamba, ili wenzake wachimbe shaba bila kufunikwa. Paa lililoshikwa na magogo ya Matija halikumwangukia mtu. Hilo nilimsikia akilisema mara moja tu, siku tuliyomzika kijana aliyeangukiwa na paa la fundi mwingine. Baadaye vumbi la mawe likamla mapafu, akapewa pensheni ndogo, naye akaanza kufagia baa ya pale kona kila asubuhi ili asishinde ndani na yule paka.

Pale baani ndipo alipoanza kuzitazama dola. Kabla ya hapo alizihesabu tu, kama sisi wote.

Aliyemwingiza kwenye mambo hayo ni kinyozi Pascoe, ambaye alikuwa mkusanyaji wa sarafu. Alikuwa na kitabu cha kadibodi chenye matundu, kila tundu na mwaka wake, na matundu matupu yalimkosesha usingizi kuliko watoto wake. Siku moja amemshika Matija kidevu, wembe uko shingoni, akamwambia:

"Zalokar, nyinyi watu mnazipokea dola kama viazi. Tena viazi mnavichagua."

Akamweleza kwamba kuna miaka dola zilifuliwa chache kiwandani, na kuna miaka serikali yenyewe ilizikusanya ikaziyeyusha. Chini ya mkia wa yule tai aliyechorwa upande wa pili, akasema, kuna herufi ndogo ya kukuambia dola ilifuliwa mji gani. Isiyo na herufi imetoka mashariki. Yenye S ni ya San Francisco. Yenye C mbili ni ya Carson City kule Nevada, kiwanda kilichofungwa zamani, na hiyo ukiipata usiinunulie bia.

Matija hakuwahi kusoma gazeti. Kitabu cha nyimbo kanisani alikishika kwa heshima tu. Mimi pia kalamu nimeijua ukubwani na sijaizoea mpaka leo, kwa hiyo simcheki. Lakini ndani ya mwaka mmoja alikuwa anajua miaka ya dola kama padri anavyojua siku za watakatifu. Kila Jumamosi alichukua noti za pensheni yake akaenda benki kuomba dola. Alizipeleka kwenye benchi la dirishani, akazigeuza moja moja, akazirudisha, akaomba nyingine. Binti wa kaunta, Bi Odgers, alimvumilia kuliko ambavyo ningemvumilia mimi.

"Mzee Zalokar, hizi nilizokupa wiki iliyopita zilikuwa na kasoro gani?"

"Hazina kasoro, binti. Si zenyewe tu."

"Zenyewe zikoje?"

"Nikiziona nitakuambia."

"Na ukizipata utanialika harusini?"

"Harusi ya nani?"

"Yako na hiyo dola."

Watu waliopanga foleni nyuma yake walicheka. Matija akakusanya dola zake akaenda benchini, hana habari nao.

Sababu ya yote hayo ilikuwa mjukuu wake, Karolina. Mtoto wetu Zofka, yule pekee aliyezaliwa na Matija na Neza, aliolewa na Verlin Haskell, muuza magari, wakahamia Tambarare, ndivyo tunavyouita upande wa chini wa mji, kwenye nyumba zenye nyasi mbele zisizoliwa na mnyama yeyote. Karolina ndiye mtoto wao wa pekee. Alipokuwa mdogo alishinda kwetu, anajua kusema kikwetu maneno ya chakula na ya matusi. Halafu akakua. Akawa anakuja Pasaka na Krismasi, amekaa ukingoni mwa kiti, koti hajavua. Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na tisa, mwezi wa sita, alikuwa anamaliza sekondari, na Septemba aende chuo kule Missoula. Katika nyumba yetu yote hakuna aliyewahi kuvuka darasa la nane.

"Ananiita babu," Matija aliniambia siku moja, "kama mtu anayemwambia mwenzake 'samahani' dukani."

"Anakuheshimu."

"Ndicho ninachosema."

Nilielewa. Msichana akishapanda basi la Missoula, atarudi kwao Tambarare, si kwetu. Matija alitaka aende na kitu kilichotoka mkononi kwake, kitu ambacho atakijua. Nikamuuliza ni kitu gani.

"Dola."

"Ngapi?"

"Moja."

Nikaweka sindano chini. "Shemeji, babu yake wa kwa baba, mzee Haskell, anampa saa ya dhahabu. Zofka ameniambia. Wewe utasimama mbele za watu na dola moja, kama mtu anayemtuma mtoto sukari?"

"Haitakuwa dola ya sukari."

"Yeye atajuaje?"

"Nitamchagulia ambayo atajua."

"Dola ni dola. Upande huu mwanamke, upande ule ndege. Na mwanamke mwenyewe ana shingo ya fahali."

"Wewe Jera, hata ulipoletewa mchumba ulisema mume ni mume."

"Nilikosea?"

Akanirudishia sindano mkononi. Alimjua mume wangu.

Lakini nilichosema kilikuwa kweli na yeye alijua ni kweli. Mahali pengine, nasikia, mtu akikupa dola ya fedha unaiweka kwenye kabati la vioo. Butte ukimpa mtu dola ya fedha, anaikuta chenji yake mfukoni inafanana nayo. Zawadi ya dola moja ilikuwa ya mtoto wa miaka sita aliyeng'oka jino. Kama Karolina asingeona tofauti, angeiacha kwa muuza soda kabla ya Jumatatu, na asingekuwa na kosa.

Wiki moja kabla ya mahafali Matija alikuja kwangu mchana, akatandika kitambaa kwenye meza yangu, akapanga dola tatu. Halafu akatoa taa yake ya mgodini, ile ya kabaidi inayofungwa kwenye kofia, akaiwasha.

"Taa saa saba mchana?"

"Jua linazipendelea zote. Tazama."

Ya kwanza ilikuwa ya elfu moja mia nane themanini na moja, ya San Francisco, inang'aa kama jana imetoka kiwandani. Ya pili ilikuwa ya aina mpya, mwanamke ana miale kichwani, ya mwaka ishirini na mbili. Ya tatu ilikuwa imechakaa. Nywele za mwanamke zimelainika kama sabuni iliyobaki kidogo, weusi umeganda pembeni mwa mabawa. Mwaka themanini na tisa, na chini ya mkia C mbili.

"Ya kwanza," nikasema. "Msichana ana miaka kumi na minane. Anapenda kinachong'aa."

"Za namna hii benki wana magunia. Inang'aa kwa sababu imelala gizani maisha yake yote. Haijamnunulia mtu hata kitunguu."

"Basi hiyo ya miale. Si ndio mwaka mliooana na Neza?"

Aliishika hiyo muda mrefu kuliko zile nyingine. "Hii ni ya harusi yangu. Si ya mahafali yake." Akairudisha mfukoni na sikuiona tena.

"Inabaki hii mbaya."

"Niliipata Aprili. Mchunga kondoo mmoja aliteremka mlimani, akalipia wiski nayo. Nusura niangushe ufagio. Pascoe ananipa dola ishirini kwa hii, na kuninyoa bure mpaka nife."

"Ishirini chukua. Kunyolewa bure ni rahisi kwake, anasikia kifua chako."

"Jera."

"Nasema tu. Sura imefutika, shemeji."

"Na yangu?"

Akazima taa. Alikuwa ameshachagua kabla ya kuja, kama wanaume wote wanaokuja kukuomba ushauri. Alichotaka kwangu ni kifuko cha kuitia. Nilimshonea kimoja cha kitambaa cha bluu, bila maua, kwa sababu alisema kikiwa na maua hatakipokea. Alikuwa amepanga kila kitu. Baada ya chakula atamwita Karolina jikoni, wawili tu, amwonyeshe zile herufi kwa taa, amweleze. Maneno aliyafanyia mazoezi kwa yule paka, nilimsikia nikipita.

Sherehe ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana. Tulipika siku mbili. Kulikuwa na soseji, kabichi zilizofungiwa nyama ndani, na potica, mkate wetu wa kukunja wenye asali na kokwa zilizosagwa. Nilioka mikate sita na sikuruhusu mwanamke mwingine aguse unga. Akina Haskell walikuja wamevaa vizuri. Mama Haskell alikuwa na glavu nyeupe na alikula potica nazo, nikasema moyoni, kazi unayo. Mzee Haskell akatoa saa. Ilizungushwa meza kwa meza kwenye kisanduku chake, kila mtu akaisikiliza inavyotembea.

Matija alikuwa amekaa karibu nami. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaingia mfukoni na kutoka, unaingia na kutoka. Dola alikuwa ameitoa kwenye kifuko ili aipapase kwa kidole gumba.

"Irudishe kwenye kifuko," nikamwambia.

"Imerudi."

Haikuwa imerudi.

Hapo mwanamuziki wetu Stane akafungua kodiani yake, na Lojze Mehle, aliyefanya kazi na Matija chini kwa miaka ishirini, akapanda juu ya benchi akadai sahani.

Sahani kwetu ni mambo ya harusi. Inaegemezwa mahali, wanaume wanasimama mbali hatua saba na kuitupia dola za fedha. Anayeivunja ndiye anayecheza kwanza na bibi harusi, na dola zote zilizotupwa ni za bibi harusi. Kwa hiyo mama mwenye akili hachagui sahani ya maua, anachagua ile nene ya mkahawa inayoweza kuangukiwa na nyundo. Karolina hakuwa anaolewa, lakini Lojze alipiga kelele kwamba huyu akienda Missoula ataolewa hotelini na watu wanaokula keki kwa uma, basi tumtupie leo. Ukumbi mzima ukakubali. Sahani niliichagua mimi, nikaiegemeza kwenye mguu wa jiko kubwa la chuma la ukumbini.

"Sahani ya nini?" Verlin akaniuliza.

"Ya kuvunjwa."

"Kwa nini?"

"Ili tucheze."

Akamtazama mkewe. Zofka alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikafurahi.

Walitupa. Miaka yote ile ya nyundo, na macho yameshakwisha. Dola ziligonga jiko, ziligonga ukuta, moja ilimgonga padri kiatuni akasema ni sadaka. Sahani ikakaa. Mzee Haskell alipofikiwa alitoa noti ya dola ishirini, akaikunja vizuri, akaiweka sakafuni taratibu. "Mimi siwezi kuvunja vyombo vya kanisa," akasema, na watu walimpigia makofi kidogo, ya adabu.

Zamu ya Matija ikafika. Alikuwa ameweka dola kumi za kutupa kwenye mfuko wa kushoto. Alitupa moja baada ya nyingine, na kati ya moja na nyingine alisimama avute pumzi. Ya kumi ilipita juu ya jiko.

"Zalokar!" Lojze akapaza sauti. "Miaka thelathini na sita umeshikilia mlima, leo sahani imekushinda?"

"Mwacheni," mwingine akasema, "mfuko umekwisha, sasa anatafuta vifungo!"

Wakacheka. Mzee Haskell naye alicheka, si kwa ubaya. Nilimwona Matija akigeuza kichwa kumtazama, na masikio yake yakawa mekundu. Akatia mkono mfuko wa kulia, akarusha kilichokuwemo kwa nguvu zake zote, kama mtu anayepiga gogo nyundo ya mwisho. Sahani ikapasuka vipande vitatu.

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka mgodini. Karolina akaja mbio akamshika mikono, wakacheza. Mzunguko wa kwanza Matija alikuwa kijana. Katikati ya mzunguko wa pili nikaona mkono wake umeacha mgongo wa msichana umekwenda mfukoni. Ukapapasa. Ukakaa humohumo. Aliumaliza mchezo kwa miguu tu.

Wakati huo dola zilikuwa zimeshafagiliwa na kutiwa kwenye gunia la unga, mia na zaidi, zote za duara, zote na mwanamke na ndege. Verlin alikuwa analifunga mdomo. "Mwenye bia yuko nje na lori lake," alimwambia Zofka, "nitamlipa humu. Zinazobaki nitabadilisha noti benki Jumatatu. Hawezi kubeba chuma mpaka Missoula."

Matija akaja akakaa karibu nami. Kifua kinapiga filimbi.

"Sema," nikamwambia.

"Siwezi."

"Sema sasa hivi, lori linangoja."

"Mtu akishatupa, ametupa. Nikisema moja yangu irudi, yule mzee ataona mtu anayetupa pesa kwa sifa, halafu anazifuata kwa magoti."

"Basi itaondoka na bia."

"Iondoke."

Nimewahi kuona ukaidi mwingi, nimezaliwa nao, lakini ule ulinichosha. Nikainuka, nikaenda pale gunia lilipo, nikalikalia.

"Bibi Jera," Verlin akasema kwa upole, "naomba hilo gunia."

"Nimechoka."

"Kuna viti."

"Ni vigumu."

"Na dola si ngumu?"

"Hizi nimezizoea."

Watu wakaanza kutazama. Zofka akaja akasema "mama mkubwa, jamani," akaenda. Mwenye bia akachungulia mlangoni na kofia yake. Mwisho akaja Karolina, amechuchumaa mbele yangu, uso bado mwekundu kwa kucheza.

"Bibi, kuna nini?"

"Usiniulize mimi. Muulize babu yako amepoteza nini."

Akaenda. Matija alitazama meza. Msichana akavuta kiti, akakaa, safari hii si ukingoni.

"Babu, umepoteza nini?"

"Hakuna."

"Bibi Jera amekalia gunia la dola."

"Ni mtu mzima, akae anapotaka."

"Babu."

Alisogeza kikombe, akakirudisha. Halafu akasema, "Mle ndani kuna dola."

"Najua. Zaidi ya mia."

"Kuna moja niliyokuchagulia."

"Moja?"

"Miaka mitatu niliitafuta. Nimeitupa mwenyewe."

Karolina hakucheka, ingawa lilikuwa jambo la kuchekesha. Alikuja, nikainuka, akalibeba gunia kwa mikono miwili, akalimwaga kwenye meza kubwa kati ya mabaki ya soseji. Matija akamwambia atafute mwaka themanini na tisa, na chini ya mkia C mbili. Mara watu kumi wakawa wameinamia meza. Wanaume waliokuwa hawajawahi kutazama dola upande wa pili walikuwa wanazigeuza kama wanachambua maharage. Mama Haskell akavua glavu.

Pascoe, aliyekuwa amealikwa na alikuwa anakula, ndipo alipoelewa. Akapauka.

"Umeitupa ile?"

"Ndiyo."

"Kwenye jiko la chuma?"

"Kwenye sahani."

"Sahani ilikuwa mbele ya jiko, mpumbavu wewe!"

Karolina ndiye aliyeipata. Aliinua akasema, "Hii?" na Matija hakuhitaji kuisogelea. Lakini Pascoe alinyoosha mkono, akaitazama kwa kioo chake, akaigeuza ukingo. Pale ilipogonga chuma palikuwa na jeraha, ukingo umebonyea hadi kwenye bawa la tai, unaweza kuingiza ukucha. Akaiweka mezani polepole.

"Jana ningekupa ishirini," akasema. "Leo nitakupa moja, tena kwa sababu sheria inanilazimisha."

Hakuna aliyecheka sana. Matija akaichukua, akaipangusa kwenye mkono wa koti. Yale maneno aliyomfanyia mazoezi paka yalikuwa yamepotea yote.

"Basi ni dola," akasema. "Kama alivyosema Jera. Chukua."

Nitasema kweli, sikufurahi kwamba neno langu lilikuwa sahihi.

Karolina akaipokea akaiweka kiganjani. Akaigeuza. "Kwa nini C mbili?" akauliza.

Ndipo Matija akampa na kile kifuko cha bluu, akatoa taa mfukoni mwa koti, akaiwasha mbele za watu wote, akaanza. Alieleza kiwanda kilichofungwa, na dola zilizoyeyushwa, na yule mchunga kondoo. Alieleza mpaka Stane akafunga kodiani. Mzee Haskell alivuta kiti akasikiliza, akauliza maswali mawili, la pili halikuwa la kijinga. Mwenye bia alilipwa kwa ile noti ya ishirini. Msichana aliitikia "ndiyo, babu," "kumbe, babu."

Lakini mtoto aliyelelewa Tambarare anaweza kuitikia hivyo saa nzima huku anawaza viatu. Nilijua, na Matija alijua. Septemba akapanda basi. Aliandika barua mbili, za hali ya hewa na masomo. Zofka alizisoma kwa sauti tukiwa jikoni kwangu. Dola haikutajwa.

"Atakuwa ameitumia," nikasema baada ya ile ya pili.

"Ni yake."

"Muulize basi."

"Zawadi haifuatwi."

Majani yakaanguka, theluji ikaja, kifua chake kikazidi. Aliacha kwenda benki. Bi Odgers alinisimamisha barabarani akaniuliza kama mzee amepata mchumba mwingine.

Siku mbili kabla ya Krismasi, mlango ukagongwa nikiwa kwa Matija nampikia supu. Ni Karolina, na mkoba wake wa safari bado mkononi, theluji mabegani. Alikuwa ametoka kwenye basi moja kwa moja. Kwao Tambarare hakuwa amefika.

"Babu, usiinuke," akasema. Akavua glavu kwa meno, akatia mkono mfukoni, akamwekea dola mbele ya bakuli. "Nimeipata Missoula, kwenye duka la dobi ninakofanya kazi jioni. Mwenye duka ananicheka. Ninazigeuza zote kabla ya kuzitia kwenye droo. Hii ni ya sabini na tisa, ya San Francisco. Tazama tai wake, mkia si kama wa nyingine."

Matija aliichukua. Aliigeuza. Aliitazama muda mrefu, mimi nimeshika mwiko, msichana hajavua koti.

Lakini mimi sina subira kama yake. "Na ile nyingine?" nikauliza. "Ile uliyopewa?"

Karolina akanitazama kama nimemuuliza kama bado ana pua. Akafungua kifungo cha koti, akanionyesha kamba shingoni, na mwisho wa kamba kile kifuko changu cha bluu. Akafunga kifungo. Akamgeukia babu yake.

"Sasa? Ikoje?"

"Ya kawaida," Matija akasema, akaisukuma mezani kuelekea kwake. "Benki wana magunia. Kanunue mkate."

"Babu!"

"Mkate umekwisha. Muulize Jera."

Ulikuwa umekwisha kweli. Karolina akaichukua dola yake, akacheka mpaka akashika mlango, akamwambia neno moja la kikwetu, si la chakula, akatoka kwenda dukani.

Matija akasubiri mpaka nyayo zikatoka kwenye ngazi.

"Amejua kutazama mkia," akasema.

"Nimesikia," nikamwambia. "Ondoa mikono, niweke sahani ya tatu."